Nitrojeni ya mfuko wa mbolea: nani huipima, na hupima nini?

Tarehe 2 Mei 2024, wabunge 149 wa Kenya waliunga mkono hoja ya kumwondoa madarakani Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, huku 36 wakiipinga. Chanzo cha hoja hiyo kilikuwa mbolea. Wiki chache kabla, waandishi wa habari za uchunguzi walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya mifuko iliyofika kwa wakulima kupitia maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, haikuwa na kile kilichoandikwa juu yake. Mpango wa ruzuku uliowafanya wakulima wapange foleni katika maghala hayo ulikuwa umeshusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 2,500 za Kenya, na kwa familia nyingi huo ndio uliokuwa mfuko pekee wa msimu.

Waziri alikana tuhuma. Tarehe 13 Mei kamati maalumu ya wabunge 11, kwa kauli ya wengi wao, ilitamka kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa, na hoja ikaishia hapo. Kati ya tarehe hizo mbili, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kilele wa Umoja wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo, ambapo viongozi walizungumzia namna ya kumfikishia mkulima wa Afrika mbolea nyingi zaidi. Ni nadra kwa ajenda ya mkutano na habari za mji mwenyeji kugongana waziwazi namna hiyo. Mwezi Julai Rais William Ruto alilivunja baraza lake la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana, na Linturi hakurejea.

Siasa ya jambo hilo imekwisha kupoa. Lililobaki, na ambalo linazihusu nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinazouziana mbolea, unga, maziwa na chakula cha mifugo, ni swali la kimaabara. Kiasi cha nitrojeni hupimwaje, hupimwa wapi katika safari ya bidhaa, na matokeo yake yana maana gani kwa mtu anayesimama mbele ya duka akiwa na fedha za mfuko mmoja?

Neno "bandia" na neno "kiwango"

Katika siku za mwanzo za sakata hilo maafisa wa serikali ya Kenya walishikilia tofauti ya maneno: kwamba haikuwapo mbolea bandia, bali mbolea isiyofikia kiwango. Wakulima wengi waliona hiyo ni mbinu ya kukwepa lawama. Hata hivyo tofauti hiyo ipo, na maabara ndiyo inayoweza kuieleza kwa tarakimu.

Nambari tatu zilizoandikwa juu ya mfuko, kwa mfano 10-26-10, ni ahadi. Ya kwanza ni kilo za nitrojeni katika kila kilo 100 za mbolea. Ya pili na ya tatu ni fosforasi na potasiamu, kwa namna ambavyo wafanyabiashara wa mbolea wamezoea kuzihesabu. Mfuko wa kilo 50 wenye nambari hizo umeahidi kilo 5 za nitrojeni. Mfuko wa urea, ambao nambari yake ni 46, umeahidi kilo 23. Ule wa CAN, mbolea ya kukuzia inayopendwa sana nchini Kenya, huahidi takriban kilo 13.

Tuseme maabara imepata asilimia 9 badala ya 10. Hapo kuna upungufu, na mtengenezaji anastahili kuhojiwa, ila mahindi yatakula. Tuseme imepata chini ya asilimia moja. Hapo hakuna mbolea; kuna vumbi la mawe lililofungwa vizuri. Mwamba laini uitwao diatomaiti, uliotajwa sana katika habari za Kenya, una matumizi yake halali kiwandani na hata shambani, lakini nitrojeni si mojawapo ya vitu ambavyo mkulima angeupata kutoka kwake. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja la "kutofikia kiwango" ni kuficha umbali uliopo kati yake, na umbali huo hupimwa kwa magunia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Punje za mahindi zina protini ya karibu asilimia 9, na protini kwa kawaida huwa na asilimia 16 ya nitrojeni. Kwa hiyo gunia moja la mahindi la kilo 90 linapoondoka shambani huwa limebeba nitrojeni ya kilo 1.3 hivi. Kilo 5 zilizokosekana katika mfuko ni sawa na nitrojeni iliyomo ndani ya karibu magunia manne. Si kila kilo inayotiwa ardhini hufika kwenye punje, kwani nyingine huchukuliwa na mvua na nyingine hupotea hewani. Lakini kisichotiwa hakifiki kabisa.

Kazi ya mkemia

Njia inayotumika zaidi katika maabara za ukanda huu ina umri wa karibu miaka 150. Mkemia Johan Kjeldahl wa Denmark aliitangaza mwaka 1883, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen, ambako ilikuwa muhimu kujua protini iliyomo katika nafaka ya kutengenezea bia.

Sampuli ndogo, mara nyingi yenye uzito wa gramu moja tu, hutiwa katika chupa ya shingo ndefu pamoja na asidi kali ya salfa na chumvi za kuharakisha kazi. Huchemshwa kwa saa kadhaa hadi kila kitu cha asili ya mmea au mnyama kivunjike na maji yabaki maangavu. Nitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya protini sasa imegeuka kuwa amonia iliyoshikwa na asidi. Baadaye hutiwa hidroksidi ya sodiamu, amonia ikafunguliwa, ikatoka na mvuke na kupokewa katika chombo kingine chenye asidi hafifu. Mwishowe mkemia hudondosha asidi ya nguvu inayojulikana, tone baada ya tone, hadi rangi ibadilike. Idadi ya mililita zilizotumika humwambia amonia ilikuwa kiasi gani, na amonia humwambia nitrojeni.

Katika kazi yote hiyo hakuna hatua hata moja ambayo mkemia ameiona protini. Amehesabu nitrojeni, kisha akaizidisha kwa kigezo kilichokubaliwa: 6.25 kwa vyakula vingi, 6.38 kwa maziwa, 5.7 kwa ngano. Kinachoandikwa kwenye cheti kuwa "protini ghafi" ni makisio yenye msingi mzuri, yanayodhani kwamba nitrojeni yote iliyopatikana ilitoka katika protini.

Ipo pia njia ya kuchoma, ambayo asili yake ni Mfaransa Jean-Baptiste Dumas wa karne ya 19. Sampuli huunguzwa katika oksijeni safi, na gesi ya nitrojeni inayotoka hupimwa na mashine kwa muda wa dakika chache. Haina asidi ya kuchemsha wala moshi wa kumkohoza fundi, ila mashine ni ghali, na gesi safi zinazohitajika, kama heliamu, si rahisi kupatikana kila mwezi katika kila mji.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mijadala ya bungeni haikuligusa, na ambalo lingepaswa kujulikana na kila anayesoma cheti cha maabara. Njia ya Kjeldahl katika umbo lake la kawaida haihesabu nitrojeni iliyo katika hali ya nitrati. Ndani ya CAN, karibu nusu ya nitrojeni ni ya amonia na nusu nyingine ni ya nitrati. Maabara inayopima CAN kama inavyopima unga wa mahindi, bila kuongeza hatua ya kuigeuza nitrati kwanza, itaona asilimia 13 mahali penye 26, na itamhukumu mfanyabiashara mwaminifu kuwa mwizi. Ndiyo maana cheti kinachotaja nambari bila kutaja njia iliyotumika ni cheti pungufu, hata kama kina mhuri.

Maziwa ya China na nitrojeni ya uongo

Udhaifu wa kuhesabu nitrojeni bila kuuliza imetoka wapi ulijulikana kwa wakemia tangu zamani. Dunia nzima iliujua mwaka 2008.

Nchini China, katika vituo vya kukusanyia maziwa, baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiongeza maji katika maziwa ya wafugaji. Maji hupunguza protini, na kiwanda kilikuwa kikilipa kwa kuangalia protini. Ili kuficha maji hayo waliongeza melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki ngumu za sahani. Theluthi mbili za uzito wa melamini ni nitrojeni. Gramu moja tu ikitiwa katika lita moja ya maziwa, hesabu ya kawaida huonyesha ongezeko la zaidi ya gramu nne za protini ambayo haipo. Kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana gramu 32 hivi kwa lita, ongezeko hilo linatosha kufunika maji mengi.

Watoto wachanga takriban 300,000 waliathirika, wengi wakipata mawe kwenye figo, na sita walitajwa rasmi kuwa wamefariki. Kampuni ya Sanlu iliyokuwa katikati ya kashfa hiyo ilianguka, na mwaka 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya kifo iliyotekelezwa na dola kwa kosa hilo. Kashfa hiyo ilifika hadi ukanda huu: Tanzania na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopiga marufuku maziwa kutoka China.

Jambo linalosikitisha ni kwamba kinga ilikuwepo, na haikuhitaji mashine mpya. Maabara za maziwa zinajua namna ya kugandisha protini halisi kwa asidi, kuichuja, na kupima nitrojeni iliyobaki katika maji peke yake. Katika maziwa mazuri sehemu hiyo ni ndogo, asilimia 5 au 6 ya nitrojeni yote. Ikipanda ghafla, kuna kitu kilichoongezwa. Ni hatua moja ya ziada, na muda wa ziada. Lakini kiwanda kinachopokea malori mengi alfajiri hakikutaka muda wa ziada, na msimamizi wa serikali hakukilazimisha.

Hatari ya aina hii haihitaji melamini. Urea ileile ya dukani, yenye asilimia 46 ya nitrojeni, ikizidishwa kwa 6.25 huonekana katika hesabu ya chakula cha mifugo kama protini ya asilimia 287, nambari ambayo yenyewe ni kichekesho. Kilo moja ya urea ikichanganywa katika kilo 100 za mashudu au unga wa dagaa uliopunguzwa kwa mchanga, "protini" hupanda kwa karibu asilimia 3. Ng'ombe aliyezoeshwa anaweza kunufaika na urea kidogo kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Kuku hana uwezo huo. Mfugaji wa kuku ataona mayai yakipungua huku karatasi ya kiwanda ikionyesha kwamba chakula ni kizuri. Ni jambo la kutafakari kwamba nchini Kenya mbolea na vyakula vya mifugo vinasimamiwa na sheria moja yenye majina yote mawili; aliyeitunga, kwa kujua au kwa bahati, aliviweka pamoja vitu viwili ambavyo tapeli mmoja anaweza kuvihamisha kutoka mfuko hadi mfuko.

Uganda na Tanzania: maabara zisizokubaliana

Kabla ya sakata la Kenya, mjadala mwingine wa nitrojeni ulikuwa ukiendelea kati ya watafiti, na matokeo yake yana uzito kwa serikali za ukanda huu kuliko ilivyoonekana magazetini.

Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwamo Tessa Bold na Kayuki Kaizzi, lilichapisha utafiti uliofanyika Uganda. Walikuwa wamenunua urea katika maduka ya kawaida na kuipeleka maabara. Waliripoti kwamba kwa wastani asilimia 30 ya virutubisho haikuwapo. Habari hiyo ilisambaa haraka, kwa sababu ilitoa jibu rahisi kwa swali gumu: kwa nini wakulima wa Uganda hutumia mbolea kidogo sana? Jibu likawa kwamba mbolea yenyewe ni mbovu, na mkulima anayeikataa ana akili.

Mwaka 2021 utafiti mwingine, ulioongozwa na Hope Michelson wa Chuo Kikuu cha Illinois, ulitoka mkoani Morogoro, Tanzania. Mamia ya sampuli yalinunuliwa kwa wauzaji wa mkoa huo. Safari hii nitrojeni ilikuwepo, karibu yote, kama ilivyoandikwa. Kilichokuwa kibovu ni sura: mbolea iliyoganda mabonge, iliyopondeka, iliyobadilika rangi kwa kukaa vibaya ghalani. Na wakulima waliohojiwa waliamini kwa wingi kwamba mbolea ya sokoni imechakachuliwa. Uchunguzi wa Kituo cha Kimataifa cha Maendeleo ya Mbolea, IFDC, katika Kenya na Uganda nao ulielekeza lawama mbali na urea, ukataja zaidi matatizo ya aina nyingine, hasa mbolea za maji.

Nani asadikiwe? Waliotilia shaka matokeo ya Uganda wana hoja inayoeleweka hata bila maabara. Ili urea ishuke kutoka asilimia 46 hadi 32 au hivyo, kilo 30 katika kila kilo 100 lazima ziwe kitu kingine. Kitu hicho lazima kiwe cheupe, chenye chembe za ukubwa uleule, kinachoyeyuka au angalau kisichoonekana, na kiwe cha bei nafuu kuliko urea yenyewe. Unyevu peke yake hauwezi kufanya hivyo: urea iliyolowa kiasi cha kuganda bado ina nitrojeni yake karibu yote, na ukiongeza maji mengi itakuwa uji. Hoja hii haithibitishi kwamba maabara ya kwanza ilikosea, lakini inamtaka anayedai upungufu mkubwa namna hiyo aonyeshe kilichojaza nafasi.

Uzito wa mjadala huu unaonekana katika sera. Ikiwa mbolea ni mbovu, fedha za umma ziende kwa wakaguzi, mihuri na mahakama. Ikiwa mbolea ni nzuri ila haiaminiki, kumtangazia mkulima kila msimu kwamba soko limejaa bidhaa feki ni kumzidishia hofu, naye atapunguza kiasi anachonunua, na mavuno yatapungua kwa sababu ya hofu. Mvua ikikosekana na mahindi yakadumaa, mfuko ndio utakaolaumiwa. Wachambuzi wanaosema kwamba kashfa ya Kenya imethibitisha utafiti wa Uganda wanachanganya mambo mawili. Mfuko wa vumbi la mawe uliotengenezwa kwa makusudi ni uhalifu wa watu fulani, na dawa yake ni polisi na mahakama. Urea ya kila siku inayoingia kwa meli kupitia Mombasa na Dar es Salaam ni jambo jingine, na ushahidi mwingi uliopo unaonyesha kwamba nitrojeni yake ipo.

Mipaka, alama na sampuli

Kwa nchi jirani jambo hili lina sura ya kisheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji. Chini ya sheria hiyo, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama inatakiwa kupokewa katika nchi nyingine bila kupimwa upya mpakani. Ni utaratibu wa busara, kwani lori linalosubiri siku kumi majibu ya maabara ni hasara kwa mwenye mali na kwa mlaji. Lakini maana yake ni kwamba alama iliyotolewa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutegemewa pia na mkulima wa nchi nyingine ambaye hana mbunge wa kumuuliza waziri wa Kenya. Kadhalika alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, au ya mwenzake wa Uganda.

Majirani wamewahi kuona pia namna maabara inavyoweza kufunga mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda ikitaja sumu ya ukungu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti ya cheti. Wafanyabiashara wa Namanga na Busia waliuliza swali lililo sahihi: walikuwa hawajaona ni shehena zipi zilizopimwa, na kwa njia gani. Pale matokeo yasipowekwa hadharani, hata kipimo cha kweli hupokewa kama siasa ya biashara.

Na kipimo cha kweli huanza mbali na maabara. Gramu moja inayoingia katika chupa ya mkemia inatakiwa kusema kweli juu ya shehena nzima. Mbolea ya mchanganyiko, yenye chembe za aina tofauti, hujitenga yenyewe lori linaporuka kwenye barabara mbovu: chembe ndogo huteremka chini, kubwa hubaki juu. Anayechota juu ya mfuko mmoja atapata jibu moja, na anayechota chini atapata jingine, na wote wawili watakuwa na cheti. Kwa sababu hiyo mkaguzi mwenye ujuzi hutumia mrija mrefu unaopenya mfuko kutoka pembe hadi pembe, huchota katika mifuko mingi iliyochaguliwa bila mpango, huchanganya, kisha hugawa na kugawa tena hadi abaki na kiasi kidogo. Utaratibu uliozoeleka katika sheria nyingi za mbolea na vyakula ni kugawa sampuli hiyo mara tatu: moja kwa maabara, moja kwa mwenye mali, na ya tatu kufungwa kwa lakiri kwa ajili ya ugomvi utakaotokea. Ile ya tatu ndiyo inayomlinda mfanyabiashara aliyesingiziwa, na ndiyo inayomfunga yule aliyekosa.

Tatizo kubwa zaidi ni mahali inapochukuliwa. Sampuli inayoletwa na mtengenezaji mwenyewe anapoomba alama ya ubora inaeleza tu kwamba anajua kutengeneza mbolea nzuri. Haielezi alichokitia katika mifuko ya mwezi uliofuata. Ukaguzi wenye maana kwa mkulima ni ule unaonunua mfuko dukani au kuuchukua ghalani, bila taarifa, kama walivyofanya watafiti wa Uganda na Morogoro kwa kuwatuma wanunuzi wa kawaida. Hauhitaji maabara mpya. Kipimo cha nitrojeni ni miongoni mwa vipimo vya kale na vya gharama ndogo katika kemia, na vyuo vikuu na vituo vya utafiti wa kilimo vya Nairobi, Kampala na Morogoro hukifanya kila wiki kwa ajili ya udongo na majani. Kinachohitajika ni mtu wa kununua mfuko, bajeti ya asidi, na ruhusa ya kutangaza jibu pamoja na jina la bidhaa.

Ruhusa hiyo ndiyo yenye utata. Mamlaka za viwango huogopa kushtakiwa na kampuni, na kampuni zina haki ya kuogopa matokeo ya maabara iliyosahau nitrati ya CAN. Njia inayopendekezwa na wakemia ni maabara za nchi mbalimbali kupima mara kwa mara sampuli moja ileile bila kuambiwa kilichomo, kisha kulinganisha majibu. Zinazotofautiana sana hurekebishwa kabla ya kuaminiwa na shehena ya mtu.

Nchini Kenya serikali iliahidi kuwapa fidia ya mbolea nyingine wakulima waliothibitika kuuziwa mifuko hiyo. Katika nyanda za mahindi za Bonde la Ufa, kupanda hufanyika mvua za masika zinapoanza, kati ya Machi na Aprili, na mbolea ya kupandia hutiwa shimoni pamoja na mbegu. Majibu ya vipimo yalipotangazwa mwezi Aprili, katika mashamba mengi mbegu ilikuwa tayari imefukiwa.